Keki Iliyopikwa Mlango Umefungwa

Binti yangu alitaka kuwa binti mfalme kwa siku moja, na mimi nilianza kuogopa saa ileile aliponiambia. Sikuwa na choyo, wala sikuwa na sababu ya kumnyima mtoto furaha. Nilikuwa na woga tu. Woga wenyewe una chanzo chake, na nitakieleza mapema ili msomaji asidhani nimerukwa na akili.

Alikuwa anakaribia kutimiza miaka sita. Mwenzake wa darasani, ambaye wazazi wake wanakaa kule juu Arua Hill katika zile nyumba za zamani zenye baraza pana, alifanyiwa sherehe ya mabinti wafalme. Binti yangu akarudi na taji la karatasi kichwani na habari zisizokwisha. Kulikuwa na maputo. Kulikuwa na kiti kilichofunikwa shuka la rangi ya waridi. Kila msichana alivaa gauni refu na akaitwa Mtukufu, hata yule anayejikojolea darasani.

"Mama, na yangu iko lini?"

Nilimwambia tutaona. Kwangu mimi "tutaona" maana yake ni hapana, naye alishalijua hilo siku nyingi, kwa hiyo akamngoja baba yake. Baba yake ni dereva wa lori. Siku zake nyingi zinaishia Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, akingoja wenye forodha wamalize na mzigo wake, na mtu anayekaa mbali na mtoto wake namna hiyo hana nguvu ya kumkatalia kitu. Alikubali kabla hajamaliza kuvua viatu. Nilinuna siku nzima. Ni rahisi sana kuikubali sherehe ambayo hutaipika wewe.

Sasa huo woga. Huku kwetu West Nile, pembe hii ya Uganda, anayempa mtu chakula huonja kwanza. Sijawahi kumwona mama yangu akimpa mgeni kikombe bila kukigusisha midomo yake mwenyewe, mbele ya macho ya mgeni, hata kikiwa cha maji matupu. Ukiuliza utaambiwa ni adabu, na ni adabu kweli, lakini chini ya adabu hiyo kuna hofu ya sumu. Watu hapa hufa kama wanavyokufa popote pale, kwa malaria, kwa ini, kwa pombe, kwa uzee. Ila aliyekufa akiwa kijana, na ugonjwa wake haujulikani, lazima atatokea mtu msibani wa kuuliza marehemu alikula kwa nani mara ya mwisho. Na huyo aliyemlisha, Mungu amsaidie.

Nikiwa msichana Koboko, kwenye mtaa wetu uliojaa familia za askari, nilimwona mama mmoja akitolewa nyumbani kwake. Alikuwa jirani yetu, mpishi hodari, mwenye kicheko kilichosikika hadi kwetu. Mtu alikuwa amekula kwake, kisha akafa. Sikuona damu. Niliona godoro lake likitupwa njiani, halafu sufuria zake moja moja, halafu yeye mwenyewe akipita katikati ya watu, mkono mmoja umeishika leso yake kiunoni isidondoke. Baba yangu, mwanajeshi mzima aliyekwenda vitani, alifunga mlango wetu na kukaa kitandani. Wengine walisema yule mama alivuka kwenda Kongo, wengine wakasema Sudan. Mimi sijui alifika wapi. Ninachojua ni kwamba tangu wakati ule, sijawahi kumlisha mtoto wa mtu mwingine kwa amani.

Basi sherehe ilipokuwa haikwepeki, niliipanga kwa akili zote za mtu mwoga. Soda ziwe za chupa, zifunguliwe mbele ya watoto. Biskuti zibaki ndani ya pakiti zake. Mayai ya kuchemsha na maganda yake, ndizi na maganda yake. Nilitaka kila kitu kifike mkononi mwa mtoto kimefungwa ama na kiwanda ama na Mungu. Nilijiona nina busara isiyo na kifani.

Ilibaki keki. Binti yangu alitaka keki ya waridi yenye umbo la gauni, na mwanasesere achomoze kiunoni kwenda juu kana kwamba ndiye aliyelivaa. Keki ya kununua sikuitaka, kwa kuwa sikujua imepitia mikono ya nani. Hata ile rangi nyekundu ya unga inayouzwa sokoni niliitilia shaka. Nikasema nitapika mwenyewe, na rangi nitaitoa kwenye bitiruti.

Gauni la mtoto nilimwachia mama yangu. Nilikwenda Koboko kulichukua, nikamkuta barazani na cherehani yake, pini zimejaa mdomoni. Alikuwa amelipata gauni la bibi harusi kwenye mitumba, gauni la mzungu fulani aliyelichoka, akalikata hadi likamtosha mtoto na bado likabaki na mkia wa kuburuza. Lilikuwa zuri mno. Nililishika nikasahau kidogo kuogopa.

Mama huongea nasi Kiswahili cha kambini, kile baba alichotoka nacho jeshini. Akaniuliza, pini bado mdomoni, "Nani nasaidia wewe kupika?"

"Hakuna, Mama. Nitapika mwenyewe."

"Mwenyewe namna gani? Hapana, mutoto yangu. Ita wanawake. Wakae jikoni, waseme maneno yao."

"Ndiyo hiyo sitaki. Mikono ya watu ikiwa mingi, kitu kikitokea nitajua ni mkono wa nani?"

Akazitoa pini, akazichomeka kwenye kifua cha nguo yake, akanitazama. "Wewe naogopa mikono mingi. Watu iko naogopa mukono moja."

Nilidhani ni uzee. Mama yangu ana tabia ya kusema kitu kisha anaendelea kushona, ili ubaki nacho peke yako, na tabia hiyo huniudhi. Nikalikunja gauni, nikaaga, nikarudi Arua kabla jua halijawa kali.

Ni lazima niseme jinsi sherehe zinavyopikwa mtaani kwetu, karibu na Onduparaka. Hakuna anayealikwa jikoni. Ukiwa na shughuli, wanawake huja asubuhi kila mmoja na kisu chake, wengine na kigoda chao, wakakaa, na jiko linakuwa lao hadi jioni. Wewe mwenye shughuli unageuka mtumwa wa kuleta chumvi na maji. Wanamenya, wanakoroga, wanaonja kwa kiganja, wanakutukania wali wako.

Asubuhi ya sherehe wa kwanza kufika alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya ua, ambaye binti yake na wangu hawaachani. Alikuwa na kisu kilichoviringishwa kitambaani.

"Nimekuja, dada. Naanza wapi?"

Nilisimama mlangoni mbele yake. Nikamwambia kazi imekwisha, ni watoto tu, hakuna cha kupika, akapumzike. Nyuma yangu mlango wa jiko ulikuwa umefungwa na harufu ya keki inapita chini yake. Aliutazama mlango, akanitazama mimi, akacheka kidogo, akarudi kwake. Wakaja wengine. Wote niliwajibu vilevile, na kila niliyemrudisha nilihisi nimepunguza hatari.

Nikajifungia. Nilifunga hata dirisha. Sufuria kubwa yenye mchanga juu ya sigiri, sufuria ndogo ya keki juu ya mchanga, makaa mengine juu ya kifuniko, na mimi katikati ya joto lile natiririka jasho kama ninayepalilia muhogo saa sita mchana. Niliuonja unga. Niliionja sukari ya waridi ya kuipaka keki. Keki ilipoiva nikakata kipande cha chini nikala, nikasubiri, nikajisikiliza tumbo. Nilionja kuliko mpishi yeyote aliyewahi kuonja Arua, na hakuna aliyeniona.

Watoto walikuja mchana na mama zao. Nilicheka kwa mara ya kwanza katika wiki nzima. Wengine walivaa magauni ya kubeba maua kanisani, wengine ya Idi, mmoja alivaa blauzi ya shangazi yake iliyofungwa utepe kiunoni ikawa gauni, na mmoja alivaa jezi ya mpira ya kaka yake iliyomfika kwenye vifundo vya miguu, kwa msimamo kwamba hata yeye ni binti mfalme, wa timu. Wote niliwavika mataji ya karatasi ya dhahabu. Binti yangu alikaa kwenye kiti cha baba yake kilichofunikwa shuka, mkia wa gauni umemwagika chini, na hakutabasamu hata kidogo kwa sababu alidhani wafalme hawatabasamu. Baba yake alipiga simu. Lori limekwama Vurra, foleni haisogei, tumpigie picha.

Tulikuwa uani. Mama zao walikaa mkekani kando ya ukuta, na mchezo mkubwa wa siku ile watoto waliuanzisha wenyewe: kuzunguka. Unasimama, unanyoosha mikono, unazunguka kwa nguvu hadi gauni linafunguka kama mwavuli, na gauni linalofunguka zaidi ndilo lililoshinda. Walizunguka, wakanywa soda, wakazunguka tena. Nikawaita kwenye keki. Niliikata na kuigawa haraka haraka, nikiwaangalia midomo. Nilimpa kila mtoto, nikawapelekea mama zao. Binti yangu alipokea sahani akaiweka magotini mbali na gauni, akaomba aile baadaye. Sukari ingedondoka. Sikumlazimisha.

Wakarudi kuzunguka.

Yule rafiki yake, binti wa jirani, alikuwa na gauni la manjano. Nilimwona akisimama ghafla, mikono tumboni, uso umekauka. Kisha akatapika. Ilitoka nyekundu, nyekundu ya bitiruti, ikashuka juu ya manjano yote, na mtoto akakaa chini polepole kama anayetaka kulala.

Mama yake alimfikia kabla yangu. Muziki wa redio uliendelea kulia hadi mtu akauzima. Wanawake walisimama, kila mmoja akamvuta mtoto wake kwa mkono, na mmoja alimtia wake kidole mdomoni ili atoe alichokula.

"Alikula nini?"

"Keki."

"Nani alionja?"

Wakatazamana.

"Nani alipika na yeye?"

Wakatazamana tena, na nikamwona kila mmoja akikumbuka asubuhi, mlango, na mimi nimesimama mbele yake. Hapo ndipo nilipomwelewa mama yangu. Soda niliyoifungua mbele yao, mayai yenye maganda, vyote machoni mwao vilikuwa vya mtu anayejua kwamba kitu kimoja tu ndicho cha kuogopwa. Nilitaka kusema nilionja, nilionja sana, lakini nilijua maneno hayo yangesikika vipi kutoka kwangu.

Nje ya ua vijana walikuwa wanarudi kutoka mpirani. Timu yao ilikuwa imefungwa, ulijua kwa namna walivyopita kimya. Waliposikia kilio wakasimama kwenye lango.

"Iko nini hapa?"

"Mutoto nakufa?"

"Mutu analisha watoto sumu?"

Lango likafunguliwa. Hawakufanya kitu, na sitawasingizia. Waliingia tu, wakasimama, na walikuwa wengi. Mimi nilikuwa nimeshaliona godoro letu njiani. Niliiona picha ya harusi yetu, nikaziona sufuria, nikaliona shuka la waridi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Nikachukua kipande cha keki mezani nikakila. Nilikitafuna mbele ya macho yao wote.

"Sasa ndiyo nakula," mwanamke mmoja alisema. "Mbele hapana kula."

"Mutoto yake?" akauliza mwingine.

"Mutoto yake hakugusa. Angalia sahani."

Wote wakageuka. Binti yangu alikuwa ameshakimbilia kwenye kiti chake, na kwenye mkono wa kiti sahani ilikuwa na kipande kizima, hata sukari haijaguswa. Mtoto mmoja tu hakula keki katika ua mzima, naye ni wangu.

Sauti iliyofuata haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mama wa makamo, karibu ya kubembeleza. "Pea yeye akule, basi. Akule, tuone."

Kilikuwa kitu chepesi kuliko vyote. Keki ile niliijua yai kwa yai. Nilikishika kipande, nikapiga magoti mbele ya binti yangu, naye, taji lake la dhahabu likiwa limekwenda upande, akafungua mdomo kama anavyoufungua kwa dawa. Na mkono wangu ukasimama.

Nilikumbuka kwamba nilitoka mara moja kwenda chooni. Nilikumbuka kwamba bitiruti niliinunua kwa mwanamke nisiyemjua. Nilimsikia mtoto wa watu akikoroma nyuma yangu. Nikajiuliza, je, kama kweli? Nilikuwa nimewahakikishia watu wote kwa moyo wangu kwamba chakula changu ni safi, na mbele ya mdomo wa mwanangu mwenyewe nikaona siamini. Kipande kilibaki hewani. Yeye alibaki mdomo wazi, ananitazama. Ua mzima uliuona mkono ule.

Sijui ningefanya nini. Nyuma yetu yule mtoto wa manjano alikohoa, akatema, akasema kwa sauti kavu lakini kubwa, "Mama, nilishinda?"

Mama yake hakuelewa. "Ulishinda nini?"

"Kuzunguka. Gauni yangu ilifunguka sana. Nilizunguka, nikakunywa soda yote, nikazunguka tena. Sasa nyumba nayo iko nazunguka."

Yule wa jezi ya mpira akasema kwamba yeye ndiye aliyeshinda, kwa kuwa hakutapika. Wakaanza kubishana palepale, mmoja amekaa kwenye matapishi yake. Mtu anayekufa kwa sumu habishani namna ile. Nilisikia pumzi za wanawake zikitoka, moja moja, kisha kicheko chembamba cha watu wanaotaka kusahau walichotaka kukisema. Yule aliyemtia mwanawe kidole mdomoni alimpangusa na kumwambia aache kulia.

Jirani yangu alimwacha binti yake, akaja nilipopiga magoti. Nilidhani anakuja kunipiga, na ningemruhusu. Alikitoa kipande cha keki mkononi mwangu, akasimama katikati ya ua, akakila chote, bila haraka, vijana wakimwangalia. Akapangusa vidole kwenye nguo yake.

"Sukari imezidi," alisema. "Ungeniita asubuhi, dada, ningekwambia."

Vijana wakaondoka, mmoja ameomba soda na akapewa. Wageni wachache walibaki hadi giza la kwanza, wengi waliondoka mapema na kunishukuru kwa adabu iliyozidi. Jirani yangu alibaki kuosha vyombo na mimi. Hatukuzungumza habari ile, na hadi leo hatujaizungumza. Siku hizi jiko langu halina mlango kwa yeyote, nami hutukanwa wali wangu na kunyamaza.

Asubuhi yake nilikuwa uani nafua lile gauni. Pindo lake lilikuwa limeingia vumbi na matone mekundu ya rafiki yake, na nilikuwa nayasugua kwa sabuni na ndimu. Binti yangu alikuja akachuchumaa pembeni ya beseni.

"Mama, ile keki ilikuwa mbaya?"

"Hapana. Ilikuwa nzuri."

"Wewe ulikula. Na mama wa rafiki yangu alikula yote." Aliingiza kidole kwenye povu. "Sasa mbona mimi ulininyima?"

Nilisugua doa ambalo lilikuwa limeshatoka. Nilimwambia niliogopa gauni lake lisichafuke. Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu ana miaka sita, na mimi ni mama yake, na bado ananiamini.